Jina la bidhaa yako likigeuka jina la kila mtu: yaliyotupata Tanga, na jinsi kampuni zinavyolinda majina yao

Mwana Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo tangu mwaka jana. Leo nimeamua kulileta hapa kwa urefu wake, kwa kuwa najua humu wamo wanaotengeneza sabuni, mafuta ya nazi, achari na viatu, na wengi wetu jina likisambaa mjini tunashukuru Mungu. Na sisi tulishukuru. Mnivumilie, uzi ni mrefu.

Mama yangu anatengeneza pilipili ya ukwaju. Alianza kuuza barazani kwetu Ngamiani, kwenye chupa za soda zilizooshwa, baadaye tukanunua chupa mpya na kuchapisha lebo. Jina alilitunga mwenyewe. Ni jina la utani alilokuwa akimwita mdogo wangu wa mwisho, kwenye kamusi halimo. Sitalitaja hapa kwa sababu ombi letu la usajili bado linashughulikiwa.

Wateja wetu wakubwa ni wauza mihogo, chipsi na mishikaki. Mtu anachukua dumu la lita tano, anakwenda kumimina kwenye bakuli la plastiki mezani kwake, kijiko ndani. Lebo imebaki ubavuni mwa dumu, na dumu liko chini ya meza. Anayekula haioni lebo hata siku moja. Analijua neno tu, kwa sababu muuzaji analitamka, na yeye analitamka. Miaka yote hiyo sikuona tatizo hapo.

Jioni moja nilikuwa Raskazone, kwenye mihogo ya kukaanga. Kijana aliyekuwa mbele yangu akaomba aongezewe pilipili, akaiita kwa jina letu. Moyo ukafurahi. Nikapata sahani yangu, nikachovya. Siki tupu! Ukwaju hamna, na wekundu ule ni wa rangi ya dukani. Nikamuuliza muuzaji kaitoa wapi. Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Hii natengeneza mwenyewe nyumbani." Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Kwake neno lile maana yake ni pilipili ya kuchovyea mihogo, basi.

Haikupita miezi mingi nikaona chupa dukani, ya mtengenezaji mwingine kabisa, neno letu limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye lebo yake. Nikamtafuta, tukazungumza kistaarabu. Alichoniambia nakikumbuka mpaka leo: "Kaka, hilo si jina la mama yako. Hilo ndilo jina la hiyo pilipili. Muulize mtu yeyote hapa mjini."

Nilikosa jibu. Nilijua nikimuuliza mtu yeyote hapa mjini, atasema hivyohivyo.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza wanaojua sheria, na nimegundua kwamba hili limezikuta kampuni kubwa kuliko tunavyofikiri. Naendelea chini.

---

Dada wa Chumbageni

Pole sana kaka, na mama mpe pole. Lakini nina swali. Sisi hapa tunaita bajaji, na Bajaj ni kampuni ya India. TVS nayo tunaiita bajaji, Piaggio nayo bajaji. Dukani mtu anasema "nipe kolgeti ya Whitedent" na anaeleweka. Kampuni zenyewe sijaona zikilalamika. Si ni tangazo la bure hilo?

---

Mwana Ngamiani

Dada yangu, asante. Hata mimi nilianzia hapohapo.

Ni tangazo la bure mpaka siku inapokuja kesi. Alama ya biashara ina kazi moja: kumwambia mnunuzi kitu hiki kimetoka kwa nani. Sasa anayesema "nipe kolgeti ya Whitedent", neno la kwanza kwake limeshakuwa jina la kitu, dawa ya meno. Anayemtaja mtengenezaji ni neno la pili. Siku watu karibu wote wa nchi fulani wakifika hapo, mahakama ya nchi hiyo inaweza kusema: neno hili ni la umma, kila mtengenezaji ruksa kuliandika kwenye boksi lake. Sisemi Colgate au Bajaj wamepoteza majina yao, hapana, ni alama zao na zina nguvu. Nasema mazungumzo ya dukani ndiyo njia yenyewe ya kufika huko.

Chukulia aspirini. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kutumia jina hilo mwaka 1899. Kule Marekani ilikuwa ikiwauzia unga watengenezaji wengine wa dawa, nao wanapiga vidonge na kuviweka kwenye chupa zenye majina yao wenyewe, kisha wanaandika aspirini. Mnunuzi alikuwa anaona aspirini ya fulani na aspirini ya fulani. Bayer haonekani popote. Hataza ya Bayer (haki ya mvumbuzi kutengeneza peke yake kwa muda) ilipokwisha mwaka 1917, wengine wakaanza kutengeneza dawa yenyewe, kesi ikaenda, na mwaka 1921 jaji Learned Hand akaamua kwamba kwa watu wa kawaida neno hilo limekuwa jina la dawa. Madaktari na wafamasia walikuwa bado wanajua ni jina la Bayer, lakini mnywaji wa kidonge hakujua. Tena angeiitaje? Jina lingine lililokuwepo ni asidi asetilisalisiliki. Nani ataingia dukani kichwa kinamuuma aseme hivyo?

Niliposoma hapo nikaliona dumu letu la lita tano.

Na kuna kesi iliyotufanana zaidi. Austria kuna mkate mdogo unaoitwa Kornspitz. Mwenye jina ni kampuni inayotengeneza unga uliochanganywa tayari, waokaji wananunua unga, wanaoka, wanauza. Waokaji walijua vizuri kwamba ni jina la kampuni. Lakini kwa kawaida hawakumwambia mla mkate, na kampuni haikuwasukuma waseme. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema alama inaweza kupotea namna hiyo: mlaji akiona ni jina la mkate tu, na mwenye jina amekaa kimya, kujua kwa waokaji hakumwokoi.

Badilisha waokaji weka wauza mihogo.

---

Fundi wa Barabara ya Nane

Mkuu umenigusa. Mimi nashona miaka ishirini na zaidi, mashine yangu ya kwanza ilikuwa Singer ya kukanyaga, ya marehemu bibi. Mbona sisi hatusemi "singa" kwa kila mashine? Tunasema cherehani, halafu ndiyo unaulizwa cherehani gani.

---

Mwana Ngamiani

Fundi, swali lako limejibu nusu ya uzi huu, sikuwa nimeliwaza hivyo.

Marekani neno Singer liliangukia hukohuko kwenye maneno ya umma. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu kabisa ya kule iliamua kwamba, hataza zikiwa zimekwisha, neno Singer limekuwa jina la aina ile ya mashine na wengine wanaweza kulitumia, mradi waeleze wazi kwamba mashine wametengeneza wao. Kampuni ikaendelea kulitumia na kulitangaza jina miaka yote iliyofuata, na kufika miaka ya 1950 mahakama za kule zikakubali kwamba limerudi kuwa lake. Waliowahi kurudishiwa ni wachache mno.

Huku kwetu halikuanguka kamwe, na naamini sababu ni hiyo uliyoisema. Kiswahili kilikuwa na neno cherehani. Kitu kikiwa na jina lake, jina la mwenye kiwanda linabaki na kazi yake. Ila kile kilichoingia mjini hakina jina, tunakiita kwa lililoandikwa ubavuni. Angalia bajaji, pampasi, panadoli, simtanki, katapila. Vyote vilikuja na jina la mtengenezaji kabla hatujavitungia letu.

---

Mzee wa Pangani

Vijana, naongeza kidogo. Si majina ya viwanda tu yanayopotea hivi. Mkonge wetu Wazungu wanauita sisal, na Sisal ni bandari kule Yucatán, Mexico, ulikopakiwa kwenda nje. Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Hindorf, alipouleta huku mwaka 1893 miche iliyopona ilikuwa 62 tu, ukapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yakajaa kuanzia Pangani hadi Korogwe, na dunia nzima ikatumia jina la bandari ile ndogo kwa kamba iliyotoka Tanga. Sisi tulisema mkonge na katani.

Na ile mifuko ya plastiki iliyokatazwa Juni 2019, tuliita rambo kwa sababu ya picha tu iliyochapwa juu yake.

---

Mwana Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya bandari naichukua, nitamsimulia mama.

---

Mgeni Mtata

Mimi naona kampuni zinataka kutumiliki midomo. Lugha ni ya watu. Mama yangu akisema kolgeti wanamshitaki? Na mama yako naye asitake kutupangia namna ya kuongea.

---

Mwana Ngamiani

Hapana ndugu, hapo nakubaliana nawe kabisa. Hakuna sheria inayomzuia mtu kusema kolgeti nyumbani kwake au dukani. Anayeweza kushitakiwa ni mfanyabiashara anayelibandika jina la mwenzake kwenye bidhaa yake. Ndiyo maana kampuni zinaomba kwa matangazo na barua, maana mdomo wa mtu haushitakiki.

Tazama walivyofanya wengine. Xerox kwa miaka mingi walilipia matangazo ya magazeti kuwaeleza Wamarekani kwamba Xerox ni jina la kampuni, na kazi yenyewe inaitwa kunakili. Johnson & Johnson walikuwa na wimbo wa tangazo la plasta za Band-Aid unaojulikana na kila mtoto kule, wakaubadilisha maneno ili baada ya Band-Aid liingie neno linaloonyesha kwamba ni chapa. Velcro mwaka 2017 walitoa video, watu wanaimba wakiomba wananchi wasiseme velkro kwa kila kibandiko cha kiatu. Hataza yao ilikuwa imekwisha tangu 1978, wengine wanatengeneza kitu kilekile kihalali. Kilichobaki mkononi ni jina.

Wengine walijiangusha wenyewe, na hao ndio wa kusomwa kwa makini. Otis, kampuni ya lifti ya Marekani, walikuwa wanamiliki neno Escalator kwa ngazi zao za umeme, halafu kwenye hataza zao na matangazo yao wenyewe wakawa wanaliandika kama jina la kitu, sawa na neno lifti. Mwaka 1950 likaondolewa mikononi mwao, na ushahidi mkubwa ulikuwa maandishi yao. Chupa ya chai ni hivyohivyo. Kampuni ya Thermos ya Marekani miaka ya mwanzo ilikuwa inajivunia kwenye matangazo kwamba neno lake limeingia kwenye lugha ya nyumbani. Ilipofika mahakamani, utafiti uliowekwa mezani ulionyesha watu wazima kama asilimia 75 wanaoijua chupa ile wanaiita themosi, na waliojua kwamba ni alama ya kampuni ni kama asilimia 12. Mwaka 1963 mshindani wao Aladdin akaruhusiwa kulitumia, ila kwa herufi ndogo, na jina lake Aladdin litangulie.

Google wao walinusurika mwaka 2017. Mtu aliyekuwa amesajili anwani 763 za intaneti zenye neno hilo alidai kwamba kwa kuwa kila mtu anasema "kugugo", jina limekufa. Mahakama ya rufaa ikakataa: kulifanya jina kitenzi peke yake hakuliui. Kinachoulizwa ni kama watu, wakilisikia, wanaelewa mashine yoyote ya kutafutia au wanaielewa ya kampuni ile.

Kwa hiyo kitu nilichokipata mimi ni hiki, wakuu. Jina linakufia pale mnunuzi anapolikuta peke yake, pasipo jina la kitu na pasipo mwenyewe. Na mwenye jina asipowapa watu neno lingine la kukiitia kitu, watatumia lake, na hawana kosa.

---

Wakili wa Uswahilini

Nimefurahia uzi. Niongeze mambo ya kisheria, maana wengi wanachanganya.

Hakimiliki ni ya kazi za sanaa na maandishi. Hataza ni ya uvumbuzi. Jina na nembo ya bidhaa ni alama ya biashara, kwa Tanzania Bara inasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza ni miaka 7, ukihuisha unapata miaka 10, na utaendelea kuhuisha kila miaka 10. Kusajili jina la biashara au kampuni si kusajili alama. Wengi wana cheti cha jina la biashara ukutani, wanadhani lebo yao imelindwa.

Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya usajili. Cheti cha Bara hakivuki maji, na ninyi wa Tanga mnaouza Pemba mlijue hilo.

Na ile alama ya herufi R ndani ya duara usiiweke mpaka usajiliwe.

Mwanzisha uzi, kwako nina wasiwasi mmoja. Atakayepinga ombi lenu ataleta mashahidi wa mjini waseme ni jina la pilipili. Mna nini cha kujibu?

---

Mwana Ngamiani

Asante sana wakili, na umenipiga palepale panapouma. Cheti cha jina la biashara tulikuwa nacho tangu mwanzo, kiko ukutani kama ulivyosema, tukajiona tumemaliza.

Tulichonacho: lebo za mwanzo kabisa, tumezihifadhi. Stakabadhi za mchapaji zenye tarehe. Daftari la mama la madeni, lina majina ya wauzaji na idadi ya madumu kwa kila wiki. Picha za harusi mbili ambazo chupa zetu ziko mezani. Na wauzaji wanne wamekubali kuandika kwamba neno hilo walilisikia mara ya kwanza kutoka kwa mama. Kama vitatosha au havitatosha, ofisi ndiyo itaamua.

Na kuna tulichobadilisha, hiki ndicho ninachotaka wenye biashara ndogo wakisome.

Lebo ya zamani ilikuwa na neno moja tu, lile jina, kubwa, na picha ya pilipili. Tulikuwa hatujaandika popote kwamba kilichomo kinaitwaje! Sasa nitashangaaje watu wakikiita hivyo? Lebo mpya ina jina letu juu, na chini yake maneno "pilipili ya ukwaju" kwa ukubwa unaokaribiana, halafu "imetengenezwa na" na jina la mama. Kwenye stakabadhi, kwenye bango na kwenye ujumbe wa simu tunaandika vyote pamoja kila mara. Nyumbani nako tumekatazana. Mdogo wangu alikuwa akiita pilipili ya mtu yeyote kwa jina letu, mama anamkatiza hapohapo: "Hiyo ni pilipili ya ukwaju ya watu. Yetu ndiyo ina jina."

Madumu tumeyapunguza. Muuzaji wa mezani tunampa chupa ndogo zenye kifuniko cha kutoboka na lebo yake, zikiisha anarudisha tunajaza. Hili lilitusumbua, sitaficha. Nyuzi za ukwaju zilikuwa zinaziba kile kitundu, wateja wanaibinya chupa mpaka inaruka kwenye nguo, na wauzaji watatu walizirudisha wakataka dumu lao. Ikabidi mama achuje mara mbili, ya kwanza kwa chekeche, ya pili kwa kitambaa. Kazi imeongezeka, na kila chungu kinatoa pungufu kidogo. Lakini sasa mlaji ameishika chupa mkononi na anasoma.

---

Dada wa Chumbageni

Hapo kwenye lebo umeniamsha kaka. Mimi natengeneza mafuta ya nazi, lebo yangu ina jina tu na picha ya nazi. Kesho naongea na mchapaji.

Na yule wa mihogo Raskazone iliishaje?

---

Mwana Ngamiani

Nilirudi kwake, dada. Sikwenda kwa shari. Nilimwambia ile pilipili ni yake, aiuze, ila aiite kwa jina lake yeye au aiite pilipili tu. Akaniambia watu wameshazoea, wataulizia lile. Nikamwambia wakiulizia awaambie hana, ana ya kwake.

Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nina kalamu ya kuandikia boksi. Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa pikipiki, ile ya kuandikia tarehe kwenye madumu. Akakata ubavu wa boksi la biskuti, akaandika "PILIPILI YA NYUMBANI", akausimamisha nyuma ya bakuli. Nilipita tena Ijumaa, bado upo, umelowa siki kwenye kona lakini unasomeka.

Yule mwenye chupa za dukani bado. Huyo tumemwandikia barua, tunasubiri.